Diploma ya Mazoezi ya Mwili: Tuhesabu Mbele ya Kukamata Deni





Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, mnajua namna mitaa yetu inavyokuwa. Kelele na nyimbo kila pahali. Mutoto anamwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka macho hayaonekani. Ni furaha ya haki, maana miaka kumi na mbili ya shule si kitu kidogo. Lakini kisha siku mbili poda inaoshwa, na swali linabaki juu ya meza: sasa mutoto asome nini, na kwa feza gani?

Katika nyumba fulani kijana anajibu: «Mimi nataka kusoma mazoezi ya mwili, nikuwe mwalimu wa jimu.» Hapo maneno yanaanza. Baba anasema: «Kusoma kukimbia? Mutu anaenda ku univa juu ya kukimbia?» Mama anasema: «Papa, umuache mutoto. Tutauzisha kiwanja, tutakamata deni, Mungu atajua.» Mjomba anasema: «Afazali ashuke mu mgodi, kule feza iko leo leo.»

Angalieni: wote watatu wamesema, na hakuna hata mmoja aliyekamata karatasi na kalamu. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka 14:28, anatupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara: anaikaa kwanza, anahesabu gharama. Hakusema mnara ni mubaya. Alisema tuikae, tuhesabu. Basi mwezi huu tutaikaa pamoja.

Kazi yenyewe iko na maana?

Ndugu wengine wakisikia «mazoezi ya mwili» wanafungua mara moja 1 Timoteo 4:8, wanasema Paulo aliweka mazoezi ya mwili chini. Tusome vizuri. Paulo anapima vitu viwili: utauwa unafaa kwa mambo yote, mazoezi ya mwili yanafaa kidogo. Lakini kidogo si bure. Mwili ni hekalu la Roho, na mwenye kufundisha watoto kuulinda anafanya kazi ya heshima.

Shirika la Afya la Dunia, katika mashauri yake ya mwaka 2020, linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anapaswa kupata karibu dakika 60 za mwendo wa nguvu kila siku, na mtu mzima dakika 150 kwa juma. Sasa tazama mitaa yetu ya migodi. Kiwanja cha mupira cha zamani kimekuwa depo ya mawe ao kimezungushwa ukuta. Watoto wanacheza kandokando ya barabara ya malori. Mwalimu aliyesoma anajua kupasha mwili moto mbele ya kukimbia, anajua kufunga muguu uliovunjika, anajua kwamba mtoto mwenye ugonjwa wa damu wa SS hapaswi kulazimishwa kukimbia mpaka kuchoka, na anapaswa kunywa maji kila mara. Mwalimu asiyesoma kazi hiyo anapiga filimbi tu, na siku moja mtoto anaanguka.

Na kama ni binti anayetaka kusoma hivi? Wazazi, musimuchekelee. Wasichana wengi wanakimbia somo la jimu kwa sababu ya haya, na mwalimu mwanamke anaweza kuwasaidia katika mambo ambayo mwanamume hawezi hata kuuliza. Hesabu itakayofuata ni moja kwa mtoto mwanamume na mtoto mwanamke.

Kwa hiyo kazi ni nzuri. Lakini kazi nzuri inaweza kuharibu nyumba kama imenunuliwa kwa deni baya.

Mshahara unapitia wapi?

Vijana, musikilize sana hapa, maana njo pahali wengi wanadanganyika.

Kwanza: mlango wa shule za msingi ni mwembamba kwenu. Katika shule ya msingi, mwalimu mmoja wa darasa anafundisha karibu kila kitu, hata jimunastiki. Mwenye diploma ya mazoezi ya mwili anatafuta kazi zaidi katika shule za sekondari.

Pili: darasa moja la sekondari linapata somo hili saa moja ao mbili tu kwa juma. Hesabu wewe mwenyewe. Shule yenye madarasa sita, saa mbili kila darasa, inakupa masaa 12. Ikiwa ni saa moja, inakupa masaa 6. Mwalimu wa hesabu ao wa Kifaransa anajaza juma lake katika shule moja. Wewe utatembea kati ya shule mbili ao tatu ili upate masaa ya kutosha. Na mara nyingi prefe anachukua masaa hayo ya jimu, anamupa mwalimu mwingine ili amalizie juma lake.

Tatu: kuna mlango wa Serikali na kuna mlango wa wazazi. Shule zetu za kiprotestanti, kwa mapatano ya 26 Februari 1977 kati ya Serikali na makanisa, zinaongozwa na kanisa, lakini mwalimu wake anapaswa kulipwa na Serikali. Ili ulipwe, shule inapaswa kujulikana katika hesabu ya Serikali, na wewe unapaswa kupata namba ya matrikule katika ofisi ya malipo ya walimu, ile wengi bado wanaiita SECOPE. Kungojea namba hiyo kunaweza kukamata mwaka, miaka miwili, na wako walimu waliongojea zaidi ya hapo. Njo wale tunaowaita «nuvel unite»: wako darasani, chaki mkononi, lakini jina haliko kwenye orodha ya mshahara.

Wakati wa kungojea, ni wazazi wanaolipa. Desturi hiyo ilianza katika miaka ya 1990, wakati mshahara wa Serikali ulipokuwa si kitu. Tangu mwaka wa masomo wa 2019, shule ya msingi ya Serikali ni bure, sawa Katiba ya 2006 ilivyosema katika kifungu cha 43. Lakini katika sekondari mzazi angali analipa. Na mzazi analipa wakati mtoto yuko shuleni. Katika mwezi wa saba na wa nane mwalimu wa namna hiyo anakula nini? Hilo ni swali la kuuliza mbele, hapana nyuma.

Tuandike namba

Namba nitakazoandika hapa ni mfano tu. Kila familia iondoe namba zangu, iweke zake.

Tuseme kijana wa Likasi anaenda kusoma katika muji mwingine. Kwa mwaka mmoja: minervali na feza zingine za chuo, dola 400. Silabusi, dola 60. Chumba na chakula, dola 80 kwa mwezi, miezi kumi, ni dola 800. Njia, dola 100. Raba, nguo za mazoezi na vyombo vingine, dola 60. Jumla ni dola 1,420 kwa mwaka.

Sasa mwaka ngapi? Katika mpango wa zamani, kijana alifanya miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi. Katika mpango mpya unaoitwa LMD, lisansi ni miaka mitatu, na masta ni miwili juu yake. Wazazi wasichanganye: lisansi ya leo ya miaka mitatu si ile lisansi ya miaka mitano ya zamani. Uliza chuo, na uliza pia prefe wa shule: ni diploma gani inayohitajiwa ili kufundisha madarasa ya juu?

Tuchukue miaka mitatu tu: 1,420 mara tatu ni dola 4,260.

Sasa, kama kijana huyu anaweza kusoma karibu na kwao, analala nyumbani na anakula bukari ya mama yake, tunaondoa zile 800. Inabaki dola 620 kwa mwaka, ao dola 1,860 kwa miaka mitatu. Unaona? Chumba na chakula vilikuwa zaidi ya nusu ya gharama. Familia nyingi zinabishana juu ya minervali, na hazioni kwamba nyumba ya kupanga njo inayokula feza.

Tuende upande wa mapato. Tuseme kijana amemaliza, shule inamulipa kwa feza ya wazazi franga sawa na dola 100 kwa mwezi, miezi kumi. Ni dola 1,000 kwa mwaka. Atakula, atavaa, atalipa chumba, atasaidia wadogo zake. Tuseme kwa nguvu nyingi anaweka pembeni dola 20 kila mwezi anaolipwa. Ni dola 200 kwa mwaka.

Kama zile 4,260 zote zilikuwa deni, atalipa kwa zaidi ya miaka 21. Mtoto aliyeanza kulipa akiwa na miaka 25 atamaliza akiwa na 46, yeye mwenyewe akiwa na watoto wa kusomesha. Kama deni lilikuwa 1,860, ni miaka tisa na zaidi. Lakini kama alisoma karibu na kwao, na familia ilitoa dola 1,000 kwa shamba na kwa soko, ikakopa 860 tu, ni miaka mine na kidogo.

Mtoto ni yule yule, diploma ni ile ile, mshahara ni ule ule. Kinachotofautisha miaka mine na miaka 21 ni namna familia ilivyopanga mbele ya kuanza.

Madeni hayafanani

Katika nchi za majirani kuna mikopo ya Serikali kwa wanafunzi. Kenya ina bodi ya HELB tangu 1995, na Tanzania ina Bodi ya Mikopo iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kule deni lina karatasi, na linakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Kwetu, deni la masomo linazaliwa nyumbani, na mara nyingi halina karatasi. Tulitazame kwa majina yake.

Deni la ndugu. Mjomba ao yaya anatoa feza. Haombi riba, lakini pia hasemi kama ni zawadi ao ni deni. Miaka mitano kisha, kijana akioa, mjomba anakuja: «Mimi njo nilikusomesha.» Undugu unavunjika kwa neno ambalo halikusemwa.

Likelemba. Watu kumi, kila mmoja dola 20 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anakamata 200. Ni kitu kizuri. Lakini ujue: ukikamata wa kwanza, umekopa kwa wenzako, na utalipa miezi tisa inayobaki. Ukikamata wa mwisho, umejiwekea akiba. Mwenye hekima anaanza likelemba wakati mtoto yuko darasa la tano la sekondari, hapana siku ya kuandikisha jina.

Kuuzisha kiwanja ao kapitali ya mama. Watu wanasema: «Hatukukopa, tuliuzisha.» Lakini kama mama aliuza samaki na makala, na mtaji wote umeenda kwa minervali ya mwaka wa kwanza, nani atalipa mwaka wa pili? Umekula kuku aliyekuwa anataga.

Na mwisho, ile watu wanaiita Banki Lambert. Si banki yenye ofisi. Ni mtu wa mtaani anayekopesha kwa riba ya mwezi. Tuseme unakamata dola 300 kwa riba ya 30 kwa mia kila mwezi. Riba peke yake ni dola 90. Mwalimu wetu wa dola 100 analipa 90, anabaki na 10, na zile 300 hazijapunguka hata dola moja. Mwezi ufuatao ni vile vile. Nehemia sura ya 5 inatuonyesha watu wa Mungu waliowekea wenzao rehani mashamba na nyumba, mpaka watoto wao wakawa watumwa. Nehemia alikasirika, akawaita wakubwa mbele ya mkutano, akawaambia warudishe. Ndugu Mkristo, kama ni wewe unayekopesha hivyo wazazi wa kanisa lako, usome sura hiyo usiku wa leo. Na wewe mzazi, usipite mlango huo kwa sababu ya masomo. Afazali mtoto angojee mwaka mmoja.

Dola inapanda, franga inatembea

Kuna mtego mwingine. Deni linaandikwa kwa dola, mshahara unalipwa kwa franga. Mwanzo wa mwaka 2019, dola moja ilikuwa karibu franga 1,650. Katika mwaka 2024 ilipita 2,700. Mtu aliyekopa dola 1,000 alikuwa na deni la franga karibu 1,650,000. Miaka mitano kisha, deni lile lile lilikuwa zaidi ya franga 2,700,000, hata kama mdai hakuongeza riba. Ni kweli, katika mwaka 2025 franga ilipata nguvu tena. Lakini nani katika nyumba yako anaweza kujua itakuwa namna gani mwaka unaokuja? Ukiweza, ukope kwa feza ile utakayolipwa.

«Lakini mgodi unalipa leo»

Turudi kwa mjomba. Anasema kijana aende kuchimba. Kwa kweli, katika juma moja nzuri mchimbaji anaweza kupata kile mwalimu anapata kwa mwezi. Hatuwezi kuficha hilo. Vijana wanaona kwa macho.

Lakini tuhesabu hata upande huo. Katika mwezi wa tatu wa 2018, tani ya kobalti ilipita dola 90,000 katika soko la dunia. Katika mwaka 2019 ilishuka chini ya 30,000. Tarehe 22 Februari 2025, Serikali ilisimamisha kutoa kobalti inje ya nchi, na tangu 16 Oktoba 2025 inatoka kwa kipimo. Kila mara bei inapoanguka kule mbali, ni kwa depo hapa Kolwezi njo mchimbaji anaambiwa: leo bei ni nusu. Mgodi haujui kwamba wewe una deni. Na shimo likianguka halirudishi mtu. Tena sheria inakataza kabisa mtu wa chini ya miaka 18 kufanya kazi hiyo.

Wazee wetu wanakumbuka. Wakati wa Union Minière, kisha Gécamines, mtoto wa mfanyakazi alisoma katika shule ya kampuni bila baba yake kukamata deni. Watu waliona ile itadumu milele. Katika mwezi wa tisa wa 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka. Kampuni iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilifika karibu tani 30,000 mwaka 1994. Katika 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walikubali kuondoka kwa feza ya mara moja. Wako waliosomesha watoto kwa feza ile, na leo watoto hao wanawalisha. Wako pia walionunua vitu vilivyokwisha katika mwaka mmoja.

Kwa hiyo si mgodi ao masomo peke yake. Feza ya mgodi inakuja haraka na inakwenda haraka. Diploma inakuja pole pole na inabaki. Mwenye akili anaifanya ya kwanza ilipie ya pili wakati iko, bila kukopa.

Neno moja kwa wapenzi wa mupira. TP Mazembe yetu ilishinda kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na mwezi wa kumi na mbili wa 2010 ilicheza fainali ya dunia ya vilabu kule Abu Dhabi. Tunashukuru. Lakini diploma ya mazoezi ya mwili si kontra ya mchezaji. Inakufanya mwalimu. Ukiingia kwa ndoto ya uwanja wa Mazembe, utakasirikia uwanja wa shule.

Basi tufanye namna gani?

Ukumbuke mjane wa 2 Wafalme 4. Mume wake, mtumishi wa Mungu, alikufa na deni, na mdai alikuja kuwakamata watoto wawili. Elisha hakumutuma kukopa feza zingine. Alimuuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na mafuta kidogo. Kitu alichoazima kwa majirani ni vyombo vitupu, ambavyo mtu anaweza kurudisha. Kisha mafuta yalipojaa, mpango ulikuwa huu: uza, lipa deni kwanza, mishi kwa kinachobaki. Kutoka pale ninawapa mashauri sita.

1. Anza na kilicho nyumbani. Shamba, kuku, mashine ya kushona, chumba kwa shangazi anayekaa karibu na chuo. Uliza chuo kama unaweza kulipa kwa transhi.

2. Deni la masomo lipimwe kwa feza ya leo ya nyumba, hapana kwa mshahara wa kesho wa mtoto. Jiulize: kama mtoto atamaliza na atakaa miaka miwili bila kupata franga, sisi tutaweza kulipa? Kama jibu ni hapana, deni hilo ni kubwa sana. Punguza.

3. Uandike. Kiasi gani, dola ao franga, siku ya kulipa, mashahidi wawili. Hata kwa ndugu. Sana sana kwa ndugu. Na kama ni zawadi, andika pia kwamba ni zawadi.

4. Mbele ya kulipa chuo, hakikisha kimekubaliwa na Serikali. Mbele ya kukubali kazi, uliza shule maneno matatu: masaa ngapi? Shule inajulikana kwa malipo ya Serikali ao bado? Mwezi wa saba na wa nane nani analipa?

5. Usome na kazi ya pili. Mtume Paulo alishona hema (Matendo 18:3), na injili haikupungukiwa kitu. Mwalimu wa jimu anaweza kujifunza huduma ya kwanza kwa majeruhi, kuwa mwamuzi, kupata karatasi ya kocha, kushona nguo za michezo za shule. Lakini angalisho: kutibu misuli na viungo vya wagonjwa ni masomo mengine. Usijiite kine kwa sababu tu umesoma jimu.

6. Deni lilipwe kwanza. Mshahara wa kwanza ukifika, ndugu wote watajua. Wengine watataka suti, wengine soda. Toa ya Mungu, toa ya mdai, kisha mengine.

Neno kwa kanisa na kwa kijana

Sisi wachungaji na wasimamizi wa shule, tuna sehemu yetu. Tusimuite kijana kufundisha kwa ahadi isiyo na namba. Kumuambia «Mungu atakulipa» wakati feza ya wazazi iko kwa kasha na haigawanywi kwa haki, hiyo si imani. Yakobo 5:4 inasema juu ya mshahara uliozuiliwa, kwamba kilio chake kinafika masikioni mwa Bwana. Kila kanisa linaweza kuweka kasha dogo la masomo, lisilo na riba, linalosimamiwa na baba wawili na mama wawili, na hesabu yake isomwe mbele ya watu.

Na wewe kijana unayependa kazi hii: usione haya. Lakini ukae na wazazi wako usiku mmoja, na karatasi. Uwaonyeshe kwamba wewe pia unajua bei ya chumba, bei ya silabusi, na urefu wa kungojea matrikule. Baba anayeuliza «kusoma kukimbia?» mara nyingi hachukii mazoezi. Anaogopa deni. Ukimuonyesha namba, utakuwa umeondoa nusu ya woga wake.

Na wazazi, mtoto si kiwanja cha kuuzisha kesho kwa faida. Tunamusomesha kwa sababu Mungu alitupa yeye, hapana kwa sababu ya kile atakacholeta. Akileta, tutashukuru.

Maswali ya kuzungumuza nyumbani

1. Soma Luka 14:28-30. Katika familia yetu, ni mnara gani tulianza bila kuhesabu?
2. Masomo ya mtoto wetu kwa mwaka mmoja ni franga ngapi? Sehemu gani ni chuo, na sehemu gani ni nyumba na chakula?
3. Tuna madeni gani leo? Yameandikwa? Ni ya dola ao ya franga?
4. Soma 2 Wafalme 4:1-7. Sisi tuna nini nyumbani?